Kadi ya Tarehe Ishirini na Moja

Inspekta Polixeni Kaltsidou alikuwa amekikalia kiti cha marehemu, viwiko juu ya meza ya marehemu, na hakuona haya hata kidogo. Tangu saa moja asubuhi alikuwa peke yake katika chumba kile cha kazi, na droo sitini za kadi. Simu ikalia. Alikuwa Kamanda Vaios Bardas, mkuu wake.

"Polixeni, bado uko huko?"

"Bado."

"Unatafuta nini tena, dada yangu? Mtuhumiwa tunaye, amelala ndani. Saa sita kamili namfikisha kwa mwendesha mashtaka. Faili nimeshalifunga."

"Basi lifungue."

"Wewe mwanamke wewe!" alisema Kamanda, akakata simu.

Mtuhumiwa mwenyewe ni Nato Lomidze, mama wa miaka hamsini na minane kutoka Georgia, aliyemtunza Profesa Iordanis Gizas kwa miaka tisa: kumpikia, kumpa dawa, kugombana naye kuhusu chumvi. Jana, Alhamisi, ilikuwa siku yake ya mapumziko, kama ilivyo kwa watunzaji wote hapa Veria, kaskazini mwa Ugiriki. Alitoka asubuhi, akarudi saa kumi na moja jioni. Saa moja usiku akamkuta mzee sakafuni, kisogo kimepasuka kwenye pembe ya sanduku la chuma la kuni. Daktari alisema amekufa kati ya saa tisa na saa kumi na mbili, na hakukubali kusogea hapo hata kwa kubembelezwa. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ndani. Funguo za nyumba walikuwa nazo watu wawili tu mbali na mzee: Nato, na Anestis Tsolakis, msaidizi wake wa kazi za kitabu.

Tsolakis aliondoka kabla ya saa kumi. Saa kumi na nusu alikuwa Naousa, mji wa jirani, akitoa mhadhara mbele ya watu thelathini, na wote walimkumbuka vizuri. Na mezani kwa mzee palikuwa na kadi mpya, yenye mhuri wa tarehe ishirini na moja Novemba. Veria nzima inajua kwamba Profesa Gizas alikaa kuandika kadi saa kumi na moja jioni, baada ya kahawa, si dakika moja kabla, na kwamba mlango wa chumba chake cha kazi ukishafungwa haufunguliwi na mtu mpaka saa moja. Kwa hiyo saa kumi na moja alikuwa hai. Kwa hiyo Nato. Hata Polixeni mwenyewe, usiku uliopita, aliitikia kwa kichwa akakubali.

Asubuhi hii hakukubali tena, na kisa ni ile kadi.

Aliinyanyua kwa kibano. Juu mzee aliandika neno: exousia. Chini yake mstari: Luka kumi, aya ya kumi na tisa. Halafu maelezo kwa mwandiko wake mdogo wa kubana. Kazi ya mzee ilikuwa hiyo: kila siku neno moja la Agano Jipya, lilikuwa na maana gani vinywani mwa watu wa zama zile, wakulima na wanajeshi na akina mama walioandika barua zao kwenye mafunjo, karatasi za kale za matete, na sisi tunaozungumza Kigiriki leo tunalisikiaje vibaya.

Jana ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria kuingizwa Hekaluni. Polixeni alimpeleka mama yake kanisani kabla ya kwenda kazini, akasimama mpaka miguu ikamuuma. Alikumbuka somo: Martha anahangaika na vyombo, Maria amekaa anasikiliza. Nyoka na nge hakuwasikia. Na kadi hii inazungumzia kukanyaga nyoka na nge.

Akavuta droo ya mwisho na kuanza kupanga kadi kwa tarehe.

Padri Kosmas alivuka barabara na viatu vya nyumbani, ndevu zimejaa makombo ya mkate mkavu, maana siku za mfungo zilikuwa zimeanza. Alikuwa rafiki wa mzee kwa miaka ishirini na adui yake kila Jumatano, siku ya darasa la Biblia.

"Mpumbavu yule," alisema akifuta macho. "Nani sasa atanikatiza mahubiri yangu? Eh? Nani?"

"Baba, keti. Nina swali la kazi. Mzee alichaguaje neno la siku?"

"Kutoka somo la Injili la siku hiyo. Daima."

"Daima kweli, au daima ya maneno tu?"

"Binti yangu, alipolazwa kwa kibofu aliandika kadi akiwa na mpira ubavuni. Nesi nusura ampige."

"Nimezipanga kadi za mwaka huu wote. Hakuna iliyokosea. Somo la jana lilikuwa lipi?"

"Luka kumi, kuanzia aya ya thelathini na nane. Martha na Maria."

"Ndiyo maana usiku hatukushtuka. Tuliona Luka kumi, tukasema sawa. Lakini hii ni aya ya kumi na tisa."

Padri aliisoma kadi bila kuigusa. Midomo yake ilicheza.

"Hii ni ya sikukuu ya Malaika," alisema. "Mikaeli na Gabrieli. Tunaisoma tarehe nane."

"Kadi ya tarehe nane ninayo hapa. Neno ni umeme, aya ya kumi na nane. Ina mhuri wake. Kwa nini mzee arudie somo lile lile baada ya siku kumi na tatu?"

"Siku ngapi?"

"Kumi na tatu."

Padri Kosmas alikaa kitako. "Mzee asingerudia. Lakini wako watu ambao jana kwao ndiyo ilikuwa tarehe nane. Wale wa kalenda ya zamani. Wana kanisa lao kule juu karibu na reli. Jana asubuhi walikuwa na Malaika, na somo lao lilikuwa hilo hilo la nyoka na nge."

Polixeni akaandika kwenye daftari lake kwa herufi kubwa.

"Sasa, Baba, kasha hili la mbao lina nini?"

"Rasimu. Kadi alizoanza akaziacha. Hazina mhuri. Mhuri alipiga akimaliza, kabla ya hapo kamwe."

"Zipo ngapi?"

"Mia mbili, mia tatu. Exousia ilikuwemo humo, nina hakika. Tuligombana juu yake wakati wa Pasaka. Mimi nilisema ni mamlaka, kama serikali. Yeye akasema hapana, katika zile barua ni ruhusa: mtu mkubwa anakupa idhini ya kufanya jambo, na usipopewa huna. Kwa hiyo wanafunzi hawakupewa nguvu zao wenyewe, walipewa ruhusa ya mwingine. Mahubiri yangu ya wiki nzima yakaenda na maji!"

Polixeni alikuwa tayari amesimama mbele ya droo nyingine. "Kadi zote zina namba. Nimezipitia moja moja. Imekosekana moja tu. Kwenye orodha yake ni katalyma. Nini hiyo?"

"Ah, hiyo! Hilo ndilo neno la kitabu cha Anestis."

"Hebu nieleze taratibu."

"Leo ukisema katalyma kila mtu anafikiria chumba cha kukodi, kama vile vya watalii. Ndiyo maana tukisoma kwamba Yusufu na Maria walikosa nafasi, tunamwona mwenye nyumba ya wageni amesimama mlangoni anawafukuza. Kila Krismasi watoto wangu wanamwigiza, na wanampa masharubu. Gizas alisema: mtu huyo hayupo. Luka ana neno jingine la nyumba ya wageni ya kulipia, analitumia kwa yule Msamaria mwema. Neno hili la Bethlehemu analitumia tena kwa chumba alimokula Yesu karamu ya mwisho. Chumba cha wageni katika nyumba ya mtu. Basi Bethlehemu ni nyumba ya jamaa, chumba cha wageni kimejaa, mtoto akalazwa pale pa mifugo. Hawakufukuzwa. Walibanana."

"Na Anestis?"

"Anestis amejenga kitabu kizima juu ya yule aliyewafukuza. Kitatoka Desemba. Chuo kinampa kazi ya kudumu kwa kitabu hicho. Anasema amepata barua ya mafunjo inayothibitisha."

"Hilo neno jingine la Luka, la Msamaria?"

"Pandocheion."

"Mzee alikuwa na tabia ya kuandika nyuma ya kadi?"

"Maneno yanayokaribiana aliyaunganisha. Aliandika nyuma ya moja habari za nyingine."

Droo ilitoka kwa shida, kama haitaki. Polixeni aliigeuza kadi ya pandocheion. Nyuma, kwa kalamu nyekundu, tarehe ishirini Novemba, mzee alikuwa ameandika: *Tazama katalyma. Barua anayoitaja Anestis nimeiulizia Athene na Vienna. Haipo na haijawahi kuwepo. Ameitunga. Nitamwambia kesho, aseme mwenyewe chuoni. Asiposema, nitasema mimi.*

Padri alisoma, akafanya ishara ya msalaba. "Bwana wangu," alisema.

"Baba, usimpigie mtu simu. Hata mkeo."

"Mke wangu!" Padri alishtuka kweli. "Huyo ndiye wa kwanza nisiyeweza kumwambia."

Saa nne na nusu kituoni, Kamanda Bardas alisikiliza yote huku akikoroga kahawa yake, kisha akacheka.

"Polixeni, umenisaidia sana. Unajua kanisa la Georgia linafuata kalenda gani? Ya zamani! Jana kwa Nato ilikuwa Malaika. Nimemaliza."

"Nimeshamuuliza. Kweli, alikwenda kuwasha mshumaa, akala na wenzake bustanini."

"Si ndiyo hapo?"

"Kamanda, kadi ile inasema mzee alikuwa hai saa kumi na moja. Saa kumi na moja Nato alikuwa ndani ya nyumba. Bila kadi, mzee angeweza kufa saa tisa na nusu na Nato yuko bustanini na mashahidi sita. Mtu gani anapanga ushahidi wa kujinyonga?"

"Wapo wengi waliojikaanga wenyewe."

"Kwa Kigiriki cha Injili? Mama huyu orodha ya sokoni anaiandika kwa Kigeorgia. Atachaguaje rasimu moja kati ya mia tatu, iangukie aya ya siku?"

Kamanda aliacha kukoroga.

"Soma tena hapa, ushahidi wa Naousa," Polixeni alisema, akamsukumia karatasi. "Kwa nini watu thelathini wanamkumbuka Tsolakis vizuri hivyo?"

Kamanda alisoma kwa sauti: "'Alifika na boksi la chokoleti, akatugawia wote, akasema ni siku ya jina la binti yake...'" Aliinua macho. "Binti anaitwa nani?"

"Angeliki."

Hapa kwetu kila jina lina siku yake, sikukuu ya mtakatifu wake, na hakuna asiyejua siku ya Angeliki. Ni tarehe nane, siku ya Malaika; anayeisherehekea tarehe ishirini na moja ni wa kalenda ya zamani. Kamanda mwenyewe ana shemeji Angeliki, alimpelekea ua wiki mbili zilizopita na kulalamika juu ya hilo ofisi nzima.

"Una saa moja na nusu," alisema. "Mlete."

Anestis Tsolakis alikuja kwa hiari yake, koti safi, macho mekundu. Alikuwa na miaka arobaini na moja na namna ya kuzungumza kama anayesahihisha mtihani wa mtu. Alisema amesikia habari za Nato, inasikitisha, mzee alimpenda sana.

"Nisaidie kitu kimoja, mwalimu," alisema Polixeni. "Mimi sijasoma. Kadi hii inanichanganya."

"Unajua Kigiriki cha Injili, Inspekta?"

"Nakisikia kila Jumapili."

"Kusikia ni kitu kingine. Sisi tunaharibiwa na masikio. Tunadhani ni lugha yetu."

"Basi nifundishe."

Alifundisha. Alifundisha vizuri, lazima isemwe. Mikono ilimchangamka, sauti ikapata nguvu. Exousia si serikali, Inspekta, si nyinyi polisi. Ni ruhusa anayopewa mdogo na mkubwa wake.

"Na kwa nini jana mzee alichagua neno hili?"

"Kwa sababu lilikuwa kwenye somo la siku. Hilo linajulikana."

"Somo lipi?"

"Limeandikwa hapo juu. Nimewapa ruhusa ya kukanyaga nyoka na nge."

"Ulilisikia?"

"Bila shaka. Asubuhi."

"Kanisa gani?"

Polixeni aliweka mezani kalenda ya kanisa, ile ndogo inayouzwa kila mahali, imefunguliwa Novemba. Kidole chake kilikuwa tarehe ishirini na moja.

"Martha na Maria," alisema. "Mimi nilikuwepo. Mama yangu alinibana dirishani."

"Mzee alikuwa na miaka themanini na tatu. Alikosea."

"Kadi zaidi ya elfu nne, miaka kumi na moja. Hakukosea alipolazwa. Jana ndiyo akosee, tena aangukie somo la sikukuu nyingine kabisa?"

"Nato pia ni wa kalenda ya zamani."

"Umejuaje kwamba suala ni kalenda? Mimi sijalitaja."

Tsolakis aliegemea kiti. Nje mtu alikuwa anacheka na mlinzi wa zamu.

"Angeliki ana miaka mingapi?" Polixeni aliuliza.

"Usimtaje mwanangu."

"Umemtaja wewe, mbele ya watu thelathini, na chokoleti mkononi. Nato Lomidze naye ana binti. Yuko kwao Georgia, mjini Kutaisi, ana mimba ya miezi minane. Nusu saa ijayo mama yake anapelekwa kwa mwendesha mashtaka kwa mauaji. Umemfahamu miaka tisa. Amekupikia mara ngapi?"

Polixeni aliweka kadi ya pandocheion mezani, mgongo juu, na kuiacha isomwe. Ilimchukua Tsolakis muda mrefu mno kwa mistari minne.

"Uliitoa ile ya katalyma," alisema Polixeni. "Hii hukuijua."

"Nilikuwa na uhakika iko barua ya namna ile," Tsolakis alisema. Ile sauti ya kusahihisha ilikuwa imekwisha. "Mafunjo maelfu hayajasomwa. Ilikuwa lazima iwepo mahali. Niliiandika kwa kungoja ipatikane."

"Halafu?"

"Akaniambia nirudishe kitabu. Mwezi mmoja kabla! Nikamwambia, mzee, nani atadhurika, watu wameshamwamini yule mwenye nyumba miaka elfu mbili. Akasema: wamemwamini kwa kutojua, wewe unamjua na bado unamsimamisha pale. Akainuka kwenda kwenye simu. Nilimsukuma. Mara moja tu. Nilitaka akae."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika arobaini. Sikuweza kufikiri. Nilijua lazima pawe na kadi. Kichwani nilikuwa na somo moja tu, lile la asubuhi, mwanangu amesimama mbele yangu na gauni lake jipya. Nikatafuta kwenye kasha. Nikapiga mhuri."

Polixeni alikuwa anaandika. Kalamu ilisimama.

"Ulitafuta muda gani?"

"Dakika kumi. Zaidi kidogo."

"Na yeye?"

Tsolakis aliinamisha kichwa. "Alikuwa anazungumza."

"Alisema nini?"

"Jina la Nato. Alisema, mwite Nato. Mara tatu, nne."

"Na ulipofunga mlango?"

"Alikuwa anapumua," alisema Tsolakis. "Nilifunga taratibu."

Polixeni alimpa maelezo yake asome, akamwonyesha pa kutia saini, akatoka. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na moja. Kamanda Bardas alikuwa ameshalichana faili la zamani vipande viwili bila kuambiwa, na aliposaini hati ya kumwachia Nato hakufanya mzaha wowote.

Nato alitolewa na mfuko wake wa plastiki: mkanda, kamba za viatu, msalaba mdogo. Alikuwa hajalia tangu jana. Walinzi walilitaja hilo usiku kama ushahidi. Polixeni alikaa naye kwenye benchi la ukumbini na kumweleza yote taratibu, nani, kwa nini, saa ngapi. Alifikiria kuruka lile la mwisho. Hakuliruka.

"Alikuita, Nato. Alikuita wewe."

Nato alishika kamba za viatu mikononi bila kuzifunga.

"Saa tisa na dakika arobaini," alisema.

"Ndiyo. Ulikuwa bustanini. Usingeweza kusikia."

"Na saa kumi na moja? Niliporudi, alikuwa ameshakufa?"

Polixeni alitamani kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na hakuna mtu duniani angemsahihisha.

"Daktari hajui, dada. Hakuna anayejua."

Nato alitazama ukuta uliokuwa mbele yake.

"Mlango ulikuwa umefungwa," alisema. "Nilijua anaandika. Nilikuwa na redio jikoni, wanaimba nyimbo za kwetu kwa ajili ya sikukuu. Nikaizima kabisa, nisimsumbue. Nikavua viatu. Saa mbili nzima, Inspekta, nilitembea ndani ya nyumba ile bila viatu."